Sura ya Saba: Nanga za Maboya Arobaini

Mtunza stoo wa Mfuko wa Hifadhi alifungua friza kuonyesha kwamba hana cha kuficha, na uvundo ukawapiga usoni kama mlango.

"Funga," alisema Inspekta.

Hakufunga upesi. Ndani, samaki waliokamatwa kwa nyavu haramu, wengine hawazidi kidole gumba, walikuwa wameyeyuka na kushikana wakawa uji wa kijivu wenye macho. Sajenti alitoka nje kutema mate. Inspekta aliziba pua kwa kiganja, akainama kufuata waya wa friza ukutani. Plagi ilikuwa bado imefungwa kwenye kimfuko chake cha plastiki, kama ilivyotoka dukani.

"Hicho ni kielelezo, afande," mtunza stoo alieleza. "Kesi ya waliowavua haijasikilizwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

Juu ya mfuniko wa friza kulikuwa na stika ya bluu: LESENI YAKO INALINDA BAHARI YAKO. Kila mvuvi wa pwani ile alikuwa na stika hiyo. Akikata leseni, robo ya ada ilikwenda kwenye Mfuko wa Hifadhi, na Mfuko ulipaswa kulinda mazalia, yaani lile eneo la maili nne kutoka nchi kavu ambako samaki hutaga na nyavu hazitakiwi. Kwa pesa hizo Mfuko ulisema umenunua maboya arobaini ya kuweka alama mpakani. Sasa maboya hayapo. Mfuko ukasema yameibwa mwezi uliopita, na mlinzi wa mazalia, mzee wa miaka hamsini na minane, alikuwa mahabusu siku ya sita. Saa nane mchana jalada lake lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Kosa hilo lilikuwa na kifungo cha miaka saba.

Ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Boya moja lina ukubwa gani?" Inspekta aliuliza.

"Kama pipa la mafuta."

"Na yote arobaini yalilala humu kabla ya kupelekwa baharini?"

"Yote, afande. Juma zima."

Inspekta alipima chumba kwa hatua. Tano kwa nne, na dari unaigusa ukinyoosha mkono.

"Sajenti, njoo usimame hapa. Wewe ni pipa."

"Hilo nyumbani wameshaniambia, afande," Sajenti alisema, akashika kitambi chake na kusimama.

Inspekta alimsogeza kona hadi kona huku akihesabu. Palipo friza hapakai kitu. Palipo injini ya boti, iliyolazwa sakafuni juu ya gunia, hapakai kitu. Zikabaki nafasi kumi na nne, na juu yake kumi na nne nyingine, kisha dari.

"Ishirini na nane. Kumi na mawili yalilala kwa nani?"

Mtunza stoo alizungusha funguo kidoleni. "Labda nje."

Nje kulikuwa na kijiuzio na nyasi zilizofika magotini, hazijawahi kulaliwa hata na mbuzi. Inspekta alizipima kwa macho. Alirudi ndani akaigusa ile injini kwa ncha ya kiatu. Haikuwa imefunguliwa hata skrubu moja.

"Hii ya nani?"

"Ya boti ya doria. Ya yule mzee mlinzi. Ililetwa matengenezo."

"Fundi wake?"

"Anasubiriwa. Meneja alisema kwa sasa ipumzike."

"Injini ipumzike," alirudia Inspekta. "Na nanga za maboya? Mkataba unasema kila boya lina nanga ya zege ya kilo mia mbili. Ulizipokea?"

"Nanga ni za mkandarasi, afande. Mimi nanga sikuziona." Halafu, kwa sauti ya chini, kama anayejikuna: "Wala mkandarasi sikumwona."

*

Kituoni, maboya mawili ya rangi ya chungwa yalikaa kwenye chumba cha vielelezo. Yalikutwa nyuma ya jiko la mzee, na ndiyo yaliyomtia ndani. Kila moja lilikuwa na kipande cha kamba, urefu wa mkono, ya kijani yenye uzi mmoja mweusi. Ncha zilikuwa zimekatwa sawasawa.

"Kisu," alisema Sajenti. "Na mzee ana kisu. Tumekikuta kwake."

"Na jirani yake hana? Na wewe jikoni kwako mnakata nyanya kwa meno?"

Inspekta aliipitisha kamba kati ya vidole, kutoka mwanzo hadi ncha. Ilikuwa laini na safi. Aliipitisha tena, akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akaenda mahabusu.

Mlinzi wa mazalia alikuwa na watoto pacha, na kila mtu alimwita Baba Pacha. Walimtoa bila mkanda wala viatu. Suruali aliishika kwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni zamu yako? Jana walinitumia wa kupiga meza."

"Mimi meza siipigi. Maboya yale mawili uliyapata wapi?"

"Yaliletwa na maji, siku ya tatu baada ya uzinduzi. Yalikuja yameegemeana kama walevi wawili wanarudi nyumbani. Nikayafunika turubai nyuma ya jiko, nikamwandikia Meneja barua: njooni myachukue, yasije yakaibwa." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. "Nimengoja miezi mitano. Waliokuja kuyachukua ni nyinyi."

Inspekta alifungua jalada. Taarifa iliyowaleta polisi ilitoka kwa mtu asiyejitaja, kwa simu. Alisema ni maboya mawili, nyuma ya jiko, chini ya turubai.

"Nani mwingine alijua mahali ulipoyaweka?"

"Mke wangu. Na aliyesoma barua."

"Baharini uliyaona mangapi?"

"Manne. Siku ya uzinduzi, hapo mbele ya gati. Wageni walikaa kwenye hema, wakapiga makofi, wakapewa maji ya chupa. Tukaambiwa mkandarasi atayapeleka yote mazaliani kesho yake. Injini yangu walikuwa wameshaichukua wiki mbili kabla. Tangu hapo nalinda kutoka ufukoni, na kutoka ufukoni, mwanangu, maili nne ni maji matupu."

"Lakini ulikula kiapo mahakamani ukasema alama zipo."

Mzee aliiangalia sakafu. Ilikuwa na madimbwi ambayo hakuna aliyetaka kujua ni ya nini.

"Ilikuwa kesi ya shemeji yangu. Ndugu yake mke wangu, tumbo moja. Walimkamata ndani ya mazalia. Akasema hakuona alama yoyote. Wakaniita: wewe mlinzi, mpaka una alama? Nikasema unazo. Nilikuwa nimesoma ripoti ya Mfuko, ina picha za rangi. Mtumbwi wake ukataifishwa." Aliivuta suruali yake juu. "Siku hizi wanangu wakimwamkia mjomba wao, anageuza uso."

*

Mzamiaji aliyekodiwa alikuwa mwanamke mwembamba anayesafisha matumbo ya meli kwa kulipwa. Watu walimwita Chunusi, kama lile zimwi linalovuta watu chini ya maji, kwa sababu alikaa chini mpaka walio juu wakaanza kumlilia, kisha akaibuka na saa ya mkononi ya mtu.

"Nitafute nini?" aliuliza akikaza mkanda wa mtungi.

"Zege," Inspekta alijibu. "Mwizi wa boya anakata kamba, anaondoka na boya. Zege la kilo mia mbili analipeleka wapi?"

"Hata kwangu hapana nafasi."

Saa nne na nusu walikuwa mazaliani, pima kumi na mbili za maji chini yao. Mkataba ulikuwa na ramani yenye nukta arobaini. Inspekta alichagua nne bila mpangilio, nahodha wa boti akaifikia ya kwanza kwa kipimo cha setilaiti. Chunusi alishuka. Aliporudi alikuwa ameshika kipande cha tumbawe kilichovunjika, kimefunikwa ute wa kijivu. Alikitupa miguuni mwa Sajenti kama mtu anayeondoa uchafu mezani.

"Pameburutwa nyavu. Chini ni kama shamba lililolimwa na kichaa. Samaki hayupo hata wa dawa."

"Zege?"

"Hakuna."

"Labda limefukiwa na mchanga," alisema Sajenti.

"Kaka, nimechoma chini kwa fimbo ya chuma kila mahali. Zege likigongwa linajibu."

Nukta ya pili, hakuna. Ya tatu, Chunusi alitoa kichwa majini akapiga mluzi. Alikuwa ameshika kamba.

"Hiyo hapo!" Sajenti alirukaruka mpaka boti ikayumba. "Si nilisema? Walikata!"

Waliivuta pamoja. Ilikuwa nene kama kifundo cha mkono, inateleza, imejaa magamba magumu ya baharini kama vikombe kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilinuka kama kinywa cha mgonjwa. Sajenti alijipangusa mikono kwenye suruali, akajuta.

"Hiyo ni ya meli," alisema Chunusi. "Ya miaka. Kitu kikikaa majini mwezi mmoja tu, bahari inakipiga muhuri. Kinaota ute, kisha majani, kisha magamba. Huwezi kuidanganya."

Inspekta alilifungua daftari lake kwenye ule mstari wa asubuhi. *Kamba ya maboya: safi.* Mfuko uliandika kwamba maboya yalikaa baharini miezi minne kabla ya kuibwa. Alimwonyesha Sajenti. Sajenti aliusoma, akakuna kidevu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakutaja kisu.

Nukta ya nne nayo ilikuwa tupu.

"Turudi gatini," Inspekta alisema. "Pale wageni walipopiga makofi."

Mbele ya gati maji yalikuwa pima tatu tu, na juu yake zilielea chupa, ganda la nazi na mafuta yenye rangi za kanga. Chunusi aliyatazama, akasonya, akaingia. Hakukaa hata dakika tano. Kilichopanda naye kilikuwa gunia la mbolea lililojazwa mchanga, limefungwa mdomo kwa kamba.

"Yako manne," alisema. "Yamepangwa mstari kama wanafunzi."

Kamba ya gunia ilikuwa na urefu wa pima tatu, na yote ilikuwa imeota manyoya ya kijani na vikombe vidogo. Inspekta alikwangua ute kwa ukucha. Chini yake ilionekana kamba ya kijani yenye uzi mmoja mweusi. Ncha ilikuwa imekatwa sawasawa.

"Kamba moja, vipande viwili," alisema polepole. "Kipande cha chini kimekaa majini miezi mitano. Cha juu kilikaa siku tatu, kikaokotwa na mzee. Kilikatwa siku ileile ya sherehe, hema likiwa bado halijakunjwa. Walikuwa wanayakusanya maboya yao. Mawili yakawaponyoka."

"Kwa hiyo yalikuwepo manne tu?" Sajenti aliuliza.

"Manne. Yalitosha kupigwa picha."

*

Kwenye lango la ofisi ya Mfuko kulikuwa na vyungu vikubwa vinne vya maua, rangi ya chungwa. Inspekta alisimama mbele ya kimoja. Kilikuwa nusu ya boya, limepasuliwa katikati kwa msumeno. Nusu nne ni maboya mawili. Alipiga picha, akaingia.

Meneja alikuwa anachokoa meno. Nyuma yake kulikuwa na tangi la samaki wa mapambo, maji yamekuwa kijani, na samaki mmoja ameelea ubavu huku wenzake wakimnyofoa.

"Karibu, dada yangu. Mmemaliza na yule mzee?"

"Nimebakiza maswali mawili matatu. Maboya yaliibwa lini?"

"Mwezi uliopita. Nimeandika."

"Yalishikiliwa na nini?"

"Nanga za zege. Kilo mia mbili kila moja. Nilizikagua kwa macho yangu haya." Alitazama ncha ya kijiti, akairudisha mdomoni.

"Ziko wapi sasa?"

"Chini, zitakuwa wapi? Mwizi anakata kamba, zege analiacha. Hata mtoto anajua."

"Zote arobaini ziko chini."

"Zote arobaini."

Inspekta aliandika, akamgeuzia karatasi. Meneja alisaini kwa madaha, saini yenye mikia. Hapo Inspekta akaita mlangoni, Sajenti akaingia amelikumbatia gunia na kuliweka mezani. Maji meusi yalitiririka juu ya kioo cha meza, yakaingia kwenye kalenda, yakamdondokea Meneja mapajani.

"Toa uchafu huu!"

"Uchafu ni wako. Ndiyo zege lako hilo. Tumezamia nukta nne za ramani yako, hakuna kitu. Magunia manne ya hivi tumeyakuta gatini, pima tatu."

"Kuna mikondo," alisema Meneja, akijipangusa.

"Mkondo wa kubeba zege la kilo mia mbili ungekuwa umeshabeba na gati."

Meneja alikichomoa kijiti mdomoni. Kisha akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa baya kuliko harufu ya friza.

"Dada, tuongee kama watu wazima. Unajisumbua kwa ajili ya nani? Wale wavuvi? Leseni yenyewe ni pesa ya kununulia sabuni, na sabuni hawanunui. Ukiwawekea maboya watayafungia mbuzi. Mimi nimewapa sherehe, wamefurahi, wamerudi kwao."

"Na yule mzee?"

"Mzee ni mlinzi. Kitu kikipotea, anaulizwa mlinzi. Ndiyo kazi."

Meneja alinyanyua simu kwa vidole viwili vilivyolowa, akampigia Mkuu wa kituo.

*

Saa saba na robo Mkuu wa kituo alikuwa amewangoja, karatasi moja imepigwa chapa na kuwekwa katikati ya meza.

"Hongera, Inspekta. Umeshinda. Mzee anakwenda kwake leo hii."

Sajenti aliliweka gunia kando ya meza, na Inspekta akaisoma karatasi amesimama. *Mimi, mlinzi wa mazalia, nathibitisha kwamba maboya arobaini yaliwekwa mpakani na yalikuwepo. Yalipotea kwa dhoruba. Mawili niliyaokota.*

"Huu ni uongo, mkuu."

"Ni uongo unaomtoa mtu ndani. Akisaini, jalada linafungwa. Asiposaini, saa nane linakwenda kwa mwendesha mashtaka kama lilivyo. Hadithi yako ya magunia itafuata nyuma, siku itakayofuata. Mleteni."

Baba Pacha alikuja ameshika suruali yake. Mke wake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, alimfuata bila kuruhusiwa. Alikuwa mama mfupi mwenye furushi la nguo kwapani.

"Ni nini? Anatoka?" aliuliza.

"Anatoka, mama," alisema Mkuu. "Saini yake tu."

"Saini, Baba Pacha. Siku sita nachotea maji kisima cha mbali ili nisikutane na watu. Saini twende."

Mzee alichukua kalamu. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Mwanangu, miwani yangu wameichukua. Nisomee."

Inspekta alimsomea. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Mzee alisikiliza, macho kwenye midomo yake.

"Na mtumbwi wa shemeji yangu?" alimuuliza Mkuu. "Nikisaini, utarudi?"

"Urudi kwa sababu gani? Karatasi inasema alama zilikuwepo. Aliingia akiziona."

Mke alisogea mezani. Kaka yake alikuwa na watoto saba, na tangu mwezi wa nne alikuwa anabeba mizigo ya watu gatini, yeye aliyekuwa na chombo chake. Aliiangalia karatasi kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichofia nyuma ya kabati.

Baba Pacha aliiweka kalamu mezani, taratibu, mbali na karatasi.

"Mara ya kwanza niliapa bila kujua," alisema. "Mungu atanihukumu kwa ujinga. Hii ya pili najua."

"Mzee, ni miaka saba!" Mkuu alipiga meza. "Unajua miaka saba kwa umri wako?"

"Najua kuhesabu."

"Mama, mwambie mumeo!"

Inspekta alikuwa ameshachukua daftari lake, picha za vyungu, maelezo ya Meneja yenye saini ya mikia, na kile kipande cha kamba chenye manyoya, ambacho kilikuwa kinamchafua mkono hadi kiwiko. Ofisi ya mwendesha mashtaka ilikuwa ng'ambo ya barabara. Saa ya ukutani ilisoma saba na dakika thelathini na tano.

"Sajenti," alisema, "beba gunia. Tunakwenda nalo pamoja na jalada, si nyuma yake."

"Inspekta, ukitoka na vitu hivyo bila ruhusa yangu, usirudi," alisema Mkuu.

"Utaniandikia," alisema Inspekta. Sajenti alikuwa ameshalitia begani, na maji yake yalichora mstari mweusi kutoka meza ya Mkuu hadi mlangoni.

Mke wa mlinzi hakuwatazama. Alifungua furushi lake. Ndani kulikuwa na shati jeupe, limepigwa pasi, alilolileta ili mume wake arudi nalo nyumbani. Alilikung'uta mara moja, akamwekea mumewe mabegani juu ya lile chafu.

"Basi livae," alisema. "Kama ni mahakamani, nenda. Lakini hutakwenda kusimama mbele ya watu ukinuka kama hawa."